Rojo la Matunda na Tangawizi: Maandalizi Yake na Hekima ya Kutochuja

Utangulizi

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba mchele mmoja, mapishi mengi. Ingawa methali hii imejikita katika upishi wa wali, maana yake inaafiki pia matunda yanayorundikwa katika masoko ya Kenya. Embe moja laweza kukatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili kandokando ya barabara. Embe lilo hilo laweza kukamuliwa, likachujwa na kutiwa sukari likawa sharubati. Aidha, laweza kusagwa nyama yake yote pamoja na tangawizi likawa kinywaji kizito chenye ukali wa kupendeza. Tofauti baina ya mapishi haya haiishii katika ladha. Kila upishi una kinachoingia mwilini na kinachotupwa jaani, na hapo ndipo manufaa ya mnywaji yanapoamuliwa.

Wakazi wengi wa mijini wameanza kuipa soda kisogo kwa kuhofia kisukari, shinikizo la damu na unene wa kupindukia. Huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, aghalabu anayeiacha soda hukimbilia jagi la maji ya matunda yaliyochujwa yakakolezwa sukari, akiamini kwamba amefika ng'ambo ya pili salama salimini. Mzazi mwenye kisukari huandaliwa kinywaji hicho na wanawe kwa mapenzi tele, naye hunywa glasi mbili au tatu kwa siku kwa jina la afya. Mapenzi hayo, yasipoandamana na maarifa, yaweza kumdhuru yule yule anayependwa.

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kuandaa rojo la matunda na tangawizi nyumbani, sababu za kila hatua ya maandalizi hayo, na mipaka ya manufaa yake. Hoja ya kimsingi ni kwamba uzuri wa kinywaji hiki umo katika kile ambacho mwandaaji hakichuji na kile ambacho hakiongezi.

Mintarafu ya majina: sharubati, dawa na rojo

Yafaa kuanza na majina kwa kuwa jina huweza kumwelekeza au kumpotosha mnywaji. Neno sharubati limetokana na Kiarabu, katika mzizi unaohusu tendo la kunywa. Mzizi huo ulisafiri pia hadi katika lugha za Ulaya ukazaa majina ya vinywaji vitamu na vya baridi. Katika matumizi ya kawaida, sharubati ni maji ya matunda yaliyokamuliwa, yakachujwa na kutiwa sukari. Ndivyo yalivyo maji ya ukwaju yanayouzwa Pwani. Yapo pia maji ya miwa, ambayo hukamuliwa pamoja na kipande cha tangawizi na ndimu kwa mashine. Mnywaji huyafurahia mno, lakini makapi ya muwa hubaki nyuma ya mashine na utamu wote humiminika kwenye glasi.

Jina la pili ni dawa. Katika mikahawa ya Kenya, mteja anayeagiza dawa huletewa kinywaji moto cha tangawizi, limau na asali. Jina hili limebeba ahadi kubwa kuliko uwezo wa kinywaji chenyewe. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu wengi katika Afrika Mashariki walikimbilia tangawizi, malimau na vitunguu saumu wakidhani kwamba vingewakinga. Hapakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuthibitisha kwamba vinywaji hivyo vilizuia maambukizi. Viliwaburudisha wanywaji na kuwalainishia koo, nalo hilo ni jema, ila kuburudika si kupona.

Jina la tatu ni smudhi, linalotumiwa zaidi na vijana wa mijini na wauzaji wa vinywaji. Neno hili limeingia kwa mlango wa mikahawa na huenda likakaa. Hata hivyo, Kiswahili kina neno rojo, lenye maana ya kitu cha majimaji kilicho kizito, kama mchuzi uliokolea. Neno hili linaeleza hali halisi ya kinywaji kinachozungumziwa: hakikuchujwa, kina uzito, na hushikilia kidogo ukingoni mwa glasi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi rojo la matunda.

Asili ya viungo vyenyewe

Baadhi ya wasomaji huenda wakadhani kwamba kuchanganya matunda na tangawizi ni mtindo wa kuigwa kutoka mbali. Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki inatoa ithibati tofauti. Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alitua Mogadishu kabla ya kuendelea na safari yake hadi Mombasa na Kilwa. Katika masimulizi ya safari hiyo anataja chakula alichokirimiwa na wenyeji: wali uliotiwa samli, vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Ni dhahiri shahiri, basi, kwamba embe na tangawizi vimekutana katika sinia za mwambao huu kwa takriban miaka 700.

Matunda mengine yaliwasili baadaye. Nanasi, papai, pera, karakara na parachichi asili yake ni bara la Amerika. Baadhi yake yaliletwa na Wareno waliofika katika mwambao huu kuanzia mwaka 1498, na athari yao ingali hai katika msamiati: majina nanasi, papai, pera na limau yanahusishwa na Kireno. Mwandaaji anayeyatia matunda haya katika chombo kimoja anakusanya Bara Hindi, Amerika na Afrika katika glasi moja pasi na kujua.

Tangawizi, kwa upande wake, huitwa mzizi na watu wengi. Kwa hakika ni shina linalotambaa chini ya udongo, na ndiyo maana huwa na macho yanayoweza kuchipuka. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Jina shogaoli lenyewe limetokana na neno la Kijapani lenye maana ya tangawizi. Hii ndiyo sababu kijiko cha tangawizi ya unga huchoma koo kuliko kiasi hicho hicho cha tangawizi mbichi iliyosagwa, na ndiyo sababu vipimo vya hizo mbili havipaswi kulinganishwa.

Mahitaji

Mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anaifahamu resipe kama utungo wa kiuamilifu wenye sehemu mbili kuu: mahitaji na utaratibu. Mpangilio huo unafuatwa hapa. Vipimo vifuatavyo vinatosha glasi tatu ndogo, kila moja ikiwa na takriban mililita 150:

(i) Embe bivu moja dogo, lenye takriban gramu 150 za nyama baada ya kumenywa na kuondolewa kokwa.
(ii) Nusu ya ndizi mbivu.
(iii) Karakara mbili zilizoiva, ambazo ganda lake limeanza kusinyaa.
(iv) Robo ya parachichi.
(v) Kipande cha tangawizi mbichi kinacholingana na ncha ya kidole gumba.
(vi) Kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu.
(vii) Mililita 200 za maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya dafu.

Sukari haimo katika orodha hii, na kutokuwamo kwake si kwa bahati mbaya. Embe lililoiva barabara na ndizi vinatosha kuleta utamu. Endapo rojo litaonekana kuwa na uchachu, kosa huwa ni la matunda mabichi, na tiba yake ni kusubiri. Wenyeji wa tangu jadi walijua kuvundika: matunda yalifunikwa kwa nyasi kavu, jivu au magunia hadi yakaiva. Sayansi inaeleza kwamba tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo hewa hiyo huyachochea matunda yaliyo karibu kuiva pia. Kwa hivyo, embe gumu likifungwa katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu litaiva upesi kuliko likiachwa peke yake mezani.

Uchaguzi wa embe nao una maana. Maembe ya ngowe, yanayofahamika sana Pwani, yana nyuzi chache na husagika yakawa laini. Dodo lina nyuzi zaidi na huhitaji kusagwa kwa muda mrefu kidogo. Msimu mkuu wa maembe nchini Kenya huwa kati ya mwezi wa Novemba na Machi. Nje ya msimu huo, papai au nanasi huweza kushika nafasi ya embe bila ya kuharibu chochote.

Utaratibu

Hatua ya kwanza ni usafi. Matunda yote huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, hata yale ambayo ganda lake halitaliwa, kwa sababu kisu kinachopita juu ya ganda chafu huuingiza uchafu ndani ya nyama. Maji ya kuongezea sharti yawe yamechemshwa, na barafu nayo itengenezwe kwa maji ya aina hiyo. Kipindupindu na homa ya matumbo havibagui kinywaji cha afya.

Hatua ya pili ni kuandaa tangawizi. Ganda lake ni jembamba, hivyo kulimenya kwa kisu huondoa na sehemu iliyo bora. Inafaa kulikwangua kwa ukingo wa kijiko. Baada ya hapo, tangawizi hukatwa vipande vyembamba kwa kukingama, si kwa kufuata urefu wake. Nyuzi za tangawizi hulala kwa urefu, na zikikatwa kwa kukingama hubaki fupi na husagika kwa urahisi. Anayepuuza jambo hili hujikuta akizitoa nyuzi hizo menoni.

Hatua ya tatu ni kusaga tangawizi pamoja na maji peke yake kwa nusu dakika. Tangawizi ni ngumu ilhali matunda ni laini. Vikisagwa kwa pamoja tangu mwanzo, matunda hulainika upesi na kufanya uzito unaovificha vipande vya tangawizi visifikiwe na wembe wa blenda. Matokeo yake ni mnywaji kukumbana na kipande kizima cha tangawizi katikati ya utamu.

Hatua ya nne ni kuongeza embe, ndizi na parachichi, kisha kusaga kwa muda usiozidi dakika moja. Kusaga kupita kiasi huingiza hewa nyingi, kinywaji kikafura povu na kupoteza rangi yake haraka.

Hatua ya tano ni kutia nyama ya karakara pamoja na mbegu zake, na maji ya ndimu, kisha kusaga kwa sekunde tano pekee. Mbegu za karakara huliwa. Zikisagwa sana huvunjika na kuacha chembe nyeusi zinazokwaruza ulimi. Zikiguswa tu hubaki nzima na kuleta mtafuno mzuri. Ndimu huongeza ladha na pia huchelewesha kubadilika kwa rangi. Ndizi iliyokatwa hugeuka kuwa ya hudhurungi kwa sababu vimeng'enya vilivyomo hukutana na hewa, na asidi ya ndimu huvipunguzia vimeng'enya hivyo kasi.

Hatua ya mwisho ni kumimina na kunywa papo hapo. Ikilazimu, rojo huweza kufunikwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu hadi siku inayofuata, ingawa ladha yake haitakuwa ile ile.

Mtu asiye na umeme wala blenda asijione ametengwa. Tangawizi hupondwa kwa kinu kidogo na mchi hadi ikawa laini. Ndizi, parachichi na papai bivu hupondwa kwa uma ndani ya bakuli. Kisha vyote hutiwa pamoja na maji katika chupa yenye mdomo mpana na kifuniko imara, vikatikiswa kwa nguvu. Kinywaji hicho kitakuwa na vibonge vidogo, navyo havina madhara. Wanafunzi wanaoishi katika mabweni ambamo vifaa vya umeme haviruhusiwi wanaweza kuutumia utaratibu huu bila ya kuvunja kanuni yoyote.

Hekima ya kutochuja

Chombo cha kuchujia kina heshima yake katika jikoni ya Mswahili. Kifumbu hutenganisha tui na machicha ya nazi, na bila ya kifumbu hapangekuwa na wali wa nazi. Huenda mazoea hayo ndiyo yaliyowafanya wengi wadhani kwamba kila kinachobaki katika chujio ni machicha ya kutupwa. Katika matunda, mambo ni kinyume. Kinachobaki katika chujio ni nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, zinazolisaidia tumbo kufanya kazi yake, na zinazomfanya mlaji ahisi ameshiba.

Mfano mmoja unatosha. Glasi moja ya maji ya machungwa huhitaji machungwa matatu au manne. Ni nadra kwa mtu kuketi akala machungwa manne mfululizo, kwa kuwa kutafuna huchosha na tumbo hujaa. Machungwa hayo hayo yakikamuliwa na kuchujwa, hunywewa kwa dakika moja, na mnywaji akabaki na nafasi ya glasi ya pili. Sukari ya machungwa manne imeingia mwilini, lakini kizuizi chake kimebaki kwenye chujio.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na kwamba kuipunguza hadi chini ya asilimia 5 kungeleta manufaa zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba sukari huru haimaanishi tu ile inayotiwa kwa kijiko. Asali imo, na sukari iliyomo katika maji ya matunda yaliyokamuliwa imo pia. Soda ya mililita 300 aghalabu huwa na takriban gramu 30 za sukari. Glasi kubwa ya maji ya machungwa huwa na gramu 20 au zaidi kabla hata sukari haijaongezwa. Anayeongeza vijiko viwili au vitatu juu yake amekwisha kuifikia soda aliyoikimbia.

Kwa makadirio, glasi ndogo ya rojo lililoelezwa hapo juu ina takriban gramu 10 za sukari, na yote imetokana na matunda yenyewe. Fauka ya hayo, nyuzinyuzi zote za embe, ndizi na parachichi zimo. Parachichi lina kazi nyingine. Rangi ya manjano ya embe na papai hutokana na viini ambavyo mwili huvitumia kutengeneza vitamini A, na viini hivyo hufyonzwa vizuri zaidi vikiandamana na mafuta. Robo ya parachichi huleta mafuta hayo.

Hata hivyo, hekima ya kutochuja ina mipaka yake. Pera, kwa mfano, lina vitamini C nyingi mno: zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, ilhali chungwa lina takriban miligramu 50. Lakini mbegu za pera ni ngumu na huudhi mdomoni. Anayelitumia hana budi kulisaga kwanza na kulipitisha kwenye chujio huku akiisukuma nyama kwa mgongo wa kijiko, ili mbegu pekee ndizo zibaki. Kuondoa mbegu ni jambo moja. Kutupa nyama ni jambo jingine.

Tangawizi, nanasi na maziwa

Wengi hupenda kuongeza maziwa ili rojo liwe zito zaidi. Hapa pana jambo ambalo wapika chai wa Kenya wamelijua kwa mazoea. Ukiitia tangawizi mbichi katika maziwa yanayopata moto, mara nyingi maziwa hukatika. Ndiyo sababu mpishi mzoefu huichemsha tangawizi kwa maji kwanza, kisha akaongeza maziwa. Maelezo ya kisayansi ni kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zingibaini, ambacho huvunjavunja protini za maziwa. Moto mkali hukiua kimeng'enya hicho, na maziwa yakaingia kwa amani. Katika jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, wapishi wamekigeuza kimeng'enya hicho kuwa msaidizi: maziwa ya moto humiminwa juu ya maji ya tangawizi ili yagande yawe kitindamlo laini.

Nanasi bichi lina bromelaini, na papai, hasa likiwa bichi, lina papaini. Navyo ni vimeng'enya vya aina hiyo. Rojo la nanasi, tangawizi na maziwa likiachwa kwa saa kadhaa huingia uchungu, na mwandaaji akadhani kwamba maziwa yalikuwa mabovu. Kumbe ni vimeng'enya vilivyokuwa kazini. Suluhisho ni mojawapo ya haya matatu: kutumia maji badala ya maziwa, kutumia mtindi, ambao umekwisha kuganda, na kunywa papo hapo, au kuichemsha tangawizi kwa dakika chache na kuipoza kabla ya kuisaga.

Tahadhari

Ingawa rojo la matunda lina nyuzinyuzi, halilingani na tunda linalotafunwa. Wembe wa blenda umekwisha kufanya kazi ya meno, na kinywaji hunyweka upesi kuliko tunda linavyolika. Nchini Uingereza, wataalamu wa afya ya umma huihesabu hata sukari ya matunda yaliyosagwa kuwa sukari huru, na hushauri kwamba maji ya matunda na rojo kwa pamoja visizidi mililita 150 kwa siku. Glasi moja ndogo, basi, inatosha. Mwenye kisukari ashauriane na daktari wake kuhusu kiasi kinachomfaa, na mara nyingi kipande cha papai au pera la kutafuna litamfaa kuliko kinywaji chochote.

Tangawizi nayo ina heshima yake. Tafiti zimeonyesha kwamba huweza kupunguza kichefuchefu, kikiwemo kile cha mimba changa, ingawa mjamzito anapaswa kumwarifu mhudumu wake wa afya kabla ya kuitumia kwa wingi. Kwa wengine huleta kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiitumie kwa wingi kabla ya kumwuliza daktari. Vilevile, balungi ni tunda linalojulikana kwa kuingiliana na dawa kadhaa za hospitalini, hivyo aliye katika matibabu asilitie katika rojo kiholela. Hatimaye, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali abadan, hata iwe tone, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu hatari.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rojo la matunda na tangawizi ni kinywaji chepesi kuandaa, na kwamba kila hatua ya maandalizi yake ina sababu. Tangawizi hukatwa kwa kukingama kwa sababu ya nyuzi zake; karakara hutiwa mwisho kwa sababu ya mbegu zake; maziwa huhitaji uangalifu kwa sababu ya vimeng'enya; na chujio huwekwa kando kwa sababu nyuzinyuzi ndizo mlinzi wa mnywaji.

Imedhihirika pia kwamba Kiswahili hakipungukiwi na msamiati wa kuyaeleza haya. Kumenya, kukwangua, kuponda, kusaga, kukamua, kuchuja na kuvundika ni vitenzi saba vyenye maana saba, na anayevitenganisha katika lugha ataweza kuvitenganisha jikoni. Aghalabu maarifa ya afya huandikwa kwa lugha ambayo mama anayeandaa jagi la sharubati hazungumzi na mumewe wala wanawe. Wasomi wa Kiswahili wana wajibu wa kuyafikisha maarifa hayo jikoni, kwa maneno ambayo jikoni inayafahamu. Siku mtoto atakapomwambia mzazi wake mwenye kisukari, kwa lugha ya nyumbani, kwamba tunda la kutafuna lamfaa kuliko jagi lililochujwa, na akamweleza kwa nini, lugha itakuwa imefanya kazi ambayo kinywaji kiitwacho dawa hakikuiweza.